Lisbon–Madrid: mafuta ya kwenda tu, au na ya kurudia?

Kutoka Lisbon hadi Madrid ni kama kilomita 513 kwa mstari ulionyooka. Ndege ya Airbus A320neo huzimaliza kwa chini ya saa moja hewani, ikakaa uwanjani dakika 40 hivi, ikageuza. Kwa mpangaji wa safari, njia na mwinuko si kazi kubwa hapa. Linalomkuna kichwa ni tanki: ijazwe ya kwenda tu, au ibebe na ya kurudia?

Tuchukue ndege iliyojaa, abiria 180, kwa makadirio ya mezani. Kutembea ardhini kilo 200, safari yenyewe 2,000, kwenda uwanja mbadala wa Valencia, iwapo Madrid haitatulika, 1,300, akiba ya mwisho ya dakika 30 kama 1,050. Kuna pia akiba ya njiani, ya mambo yasiyotarajiwa, ambayo kanuni za Ulaya huipima kwa asilimia 5 ya mafuta ya safari au dakika 5 za kuzunguka futi 1,500 juu ya uwanja, ile iliyo kubwa zaidi. Asilimia 5 hapa ni kilo 100 tu. Dakika 5 ni kama 180. Kwenye safari fupi dakika ndizo hushinda, na mwenye mazoea ya safari ndefu huisahau tofauti hiyo. Jumla ni kilo 4,730.

Mambo yakienda sawa, ndege itatua Madrid na 2,530. Kurudi, mbadala ukiwa Faro, kusini mwa Ureno, kunahitaji takriban 4,580. Pengo ni kilo 2,050, na hizo ndizo zinazobishaniwa.

Uzito nao hula mafuta. Kwa safari ya urefu huu, kila kilo 100 za ziada huchoma kama kilo 3 njiani, kwa hiyo kuzibeba 2,050 kunagharimu kilo 62. Tuseme mafuta ni euro 800 kwa tani: hapo zimekwenda euro 50. Kilo moja ya mafuta ikiungua hutoa kilo 3.15 za hewa ya ukaa, na kuanzia 2026 mashirika hayapewi tena vibali vya bure vya hewa hiyo kwa safari za ndani ya Ulaya. Kibali kikiwa euro 70 kwa tani, ongeza euro 14. Mafuta ya Madrid yasipoizidi bei ya Lisbon kwa zaidi ya euro 31 kwa tani, kubeba ni hasara tupu. Yakizidi kwa euro 50, faida ni kama euro 38. Bei ya chakula cha jioni cha watu wawili, tena bila mvinyo.

Mashirika husema haba na haba hujaza kibaba, na hawakosei. Makadirio ya 2019 ya Eurocontrol, shirika la usimamizi wa anga la Ulaya, yalionesha kwamba mtindo huu uliyaokolea mashirika ya Ulaya euro milioni 265 kwa mwaka. Kibaba cha upande wa pili nacho kilijaa: tani 286,000 za mafuta zilizochomwa kwa kubeba mafuta mengine, na tani 901,000 za hewa ya ukaa.

Hoja yenye nguvu zaidi ya kubeba haimo kwenye bei. Imo kwenye muda. Kujaza tani mbili ni dakika chache, lakini gari la mafuta hufika linapofika. Ndege iliyopangiwa saa ya kuruka na wasimamizi wa anga ina dirisha la dakika 5 kabla hadi 10 baada. Ikilikosa hupangiwa saa nyingine, na safari zote za jioni za ndege hiyo huchelewa kwa mfuatano. Anayefika akiwa amechelewa saa tatu kwa kosa la shirika hudai euro 250. Zidisha kwa 180, uone zile euro 38 zina thamani gani.

Na kuna usalama wa ugavi. Uwanja wa Lisbon umezoea kuletewa mafuta kwa malori, si kwa bomba. Madereva wa malori hayo walipogoma Aprili 2019, Faro ilifikia akiba ya dharura. Siku kama hiyo, ndege inayotoka Madrid na mafuta ya kutosha safari mbili haihitaji kujieleza kwa mtu.

Lakini muda huo una bei yake. Ndege hii ikiwa na tani 62.5 kabla ya mafuta, itatua na 67.1, na kikomo cha kutua ni 67.4 kwa toleo tunalolitumia hapa. Waongozaji wa anga wakikupa njia ya mkato, utachoma mafuta kidogo na kufika mzito zaidi: hizo kilo 300 za nafasi zinaweza kuyeyuka, ukalazimika kuteremsha magurudumu mapema ili uchome mafuta uliyoyabeba kwa kubana matumizi. Barajas, uwanja wa Madrid, nayo iko mita 610 juu ya bahari, kwa hiyo ndege hugusa ardhi kwa kasi zaidi na breki hupata moto zaidi. Breki zikipita nyuzi 300 za Selsiasi, hairuhusiwi kuruka hadi zipoe.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya ReFuelEU imeingia katikati ya mabishano haya. Tangu 2025, shirika linalohusika lazima lijaze katika kila uwanja wa Umoja ulio chini ya sheria hiyo angalau asilimia 90 ya mafuta yanayohitajika kwa safari zinazoanzia hapo. Njia za chini ya kilomita 850 zinaweza kuombewa msamaha wa muda, ila kwa sababu nzito. Anayekiuka hutozwa faini isiyopungua mara mbili ya bei ya mafuta ambayo hakuyajaza.

Wengi huisoma kama marufuku. Sivyo. Hesabu ni ya mwaka mzima, si ya kila safari, na rubani akihitaji mafuta zaidi kwa sababu za usalama hazuiwi. Kwa ndege zinazorudi kutoka Madrid, kama safari moja kati ya kumi inaweza kuondoka bila kujaza hata tone. Kosa ni kuitumia hiyo ya kumi kufukuzia senti. Iwekewe mizunguko ya jioni yenye saa finyu, na siku ambazo gari la mafuta halina uhakika. Julai adhuhuri, Madrid ikiwaka joto, jaza pale pale: dakika ulizookoa kwenye mafuta utazilipa ukisubiri breki zipoe.