Gari la kupanda milima limeshindwa na tuta

Leo nimechelewa kazini kwa sababu ya kweli kabisa, ndiyo maana hakuna aliyeniamini. Nimemwambia bosi, "Nilikuwa nimelala kifudifudi barabarani, namsaidia mtu kuvuka tuta." Ameniangalia kama mtu anayeomba ruhusa ya kumzika bibi yuleyule kwa mara ya tatu.

Tuta lenyewe mnalijua, sina haja ya kulieleza. Mbele yangu ilikuwa Porsche Cayenne, zile za toleo la kwanza zilizotoka 2002, na hii ni Turbo, nguvu za farasi 450. Enzi hizo wapenzi wa Porsche walinuna: kampuni ya magari ya mbio inatengenezaje gari la kubebea watoto na mabegi? Wahandisi hawakubishana. Wakaipa gia nzito za kupandia, wakaipa springi za hewa zinazoinua gari kwa kitufe, na mwaka 2007 Cayenne zikatoka Moscow mpaka Mongolia kwenye mashindano ya Transsyberia, zikachukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mito zimevuka, matope zimekanyaga. Sasa ndugu yao huyu kasimama mbele ya tuta kama mbuzi aliyeona maji.

Nikapiga honi. Akashuka kijana nadhifu, raba nyeupe pee.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Naomba uniangalizie hapa mbele. Ukiona inagusa, piga kelele."

"Kelele gani?"

"Yoyote tu, mzee."

Mimi ni mtu wa heshima zangu. Suruali nimeinyoosha mwenyewe jana usiku, mstari wake unakata ndimu. Lakini magari nyuma yalishaanza kupiga kelele, nikachutama. Chini ya bampa alikuwa ameongeza mdomo wa kaboni, mrefu, umechongoka. Kati ya mdomo na lami, kiberiti kingepita kwa kuinama. Kuchutama hakukutosha. Nikalala.

Akaja mshazari, tairi la kushoto kwanza, taratibu kama anapitisha kabati la vyombo mlangoni. *Krrr.* Nikapiga kelele. Akafunga breki, akaja kulala pembeni yangu na raba zake nyeupe.

"Imegusa?"

"Imebusu."

"Wapi?"

"Kijana, watu wanabusu kwa wapi?"

Akarudi nyuma. Akateremsha abiria ili gari lipungue uzito: mkewe, mtoto mmoja, na shemeji mwenye begi kubwa ambaye alishuka bila kuulizwa, akavuka tuta kwa miguu na kwenda kusubiri upande wa pili. Nikaelewa kwamba huo ndio utaratibu wa nyumba.

"Hizi si zilikuwa na kitufe cha kuinua gari?" nikauliza kutoka chini.

"Zilikuwa nacho, mzee. Ile springi ya hewa niliitoa, nikaweka fupi za chuma."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inaliweka juu sana."

Nikanyamaza. Kuna majibu ukipewa huku umelala chini unabaki kulala tu.

Na ukilala chini ya gari la kifahari unajifunza mengi. Nyuma lina midomo minne ya ekzosi; miwili imeunganishwa na bomba, miwili ni pambo, haijawahi kuonja moshi. Breki nyekundu zinazong'aa kwenye rimu ni kava la plastiki, na ndani yake imejificha breki ileile ya kiwandani, imekaa kimya kama mke mkubwa. "Kaboni" ya kwenye kioo cha pembeni imebanduka kona, chini yake ni rangi nyeupe. Tairi limeandikwa 295/30, rimu inchi 22. Piga hesabu: asilimia 30 ya milimita 295 ni milimita 88 na nusu. Huo ndio mpira wote uliobaki kati ya rimu na shimo, urefu wa kidole changu cha kati. Ilitoka kiwandani na 255/55 za inchi 18, mpira wa milimita 140. Amelipa hela ili apunguziwe tairi!

Juu ya buti kuna bawa. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, bawa linakandamiza gari mara nne. Sisi tulikuwa tumesimama. Sifuri mara sifuri.

Jaribio la tatu likapita, kwa mlio kama wa kufungua kopo. Akachungulia dirishani, macho yamemtoka. "Mzee, imegusa?"

"Haijagusa," nikasema. Mungu anisamehe, ilikuwa saa mbili na dakika kumi na saba.

Sikatai urembo, msinielewe vibaya. Brabus, wale mafundi wa kurembesha magari, wakiligusa G-Class la Mercedes naelewa: lile ni sanduku tangu 1979, na Brabus wenyewe ni wa 1977, wamelizidi umri, wanaweza kulisema. Sanduku ukilivika suti linabaki sanduku lenye suti. Lakini Urus ya Lamborghini, ambayo tangu toleo la kwanza ilitoka kiwandani na farasi 650 na kona kila mahali, halafu Mansory, warembeshaji wengine, waiongezee kona juu ya kona? Hapo nashindwa, ni kama kumvisha nungunungu sweta la miiba. X6 ya BMW yenye madigadi yaliyotanuliwa mpaka haitoshi kwenye maegesho, siisemi, niliwahi kukwama katikati ya mbili nikatokea kwenye buti ya gari langu. Na anayebandika nembo ya M, ile ya BMW zenye nguvu zaidi, kwenye gari lisilo la M, huyo simlaumu, na mimi nina kalamu yenye jina la hoteli niliyoingia kuuliza choo.

Kinachoniuma ni suruali. Goti la kulia lina grisi, na bosi ameliona goti na bado hakuamini.

Ila nilipokuwa kule chini niliona kitu kwenye mtaro, nyuma kidogo ya tuta: kifuniko cha rimu. Changu cha kushoto mbele kilianguka hapohapo miezi miwili iliyopita. Jioni nimerudi na tochi. Si changu, ni cha gari la kampuni nyingine kabisa, na ni cha inchi moja zaidi, lakini kwa waya mbili kimeshika. Sasa ninavyo vinne. Viwili vinafanana.