Bilionea wa Kijenge

Siku mtaa wetu wa Kijenge, hapa Arusha, uliponitangaza bilionea, nilikuwa nadaiwa kodi, nadaiwa bili ya maji, na mangi wa duka la kona alikuwa ameshaliandika jina langu kwenye daftari lake kwa kalamu nyekundu. Kwa hiyo mama mwenye nyumba alipogonga mlango asubuhi, nilijikausha kitandani nikajifanya sipo. Akagonga tena, safari hii kwa sauti laini: "Baba, nimekuletea chapati na chai ya maziwa. Nimeweka na tangawizi."

Tangu nihamie pale sikuwahi kuitwa baba. Nilikuwa "yule kijana wa chumba cha nyuma".

Chanzo chake ni hiki. Mimi ni dereva na mwongoza watalii. Sehemu ya kazi yangu ni kusimama ukingoni mwa Bonde la Oldupai na kuwaambia wageni kwamba hapa, karibu miaka milioni mbili iliyopita, kuna waliogonga jiwe kwa jiwe wakapata kisu, na kwamba mwaka 1959 Mary Leakey alilipata hapahapa fuvu la Zinjanthropus. Nayasema hayo kwa mamlaka makubwa, mkono mmoja mfukoni. Sasa mgeni mmoja, mzee wa Kimarekani, alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kwa upole: "Na wewe umewahi kuchonga?"

Jioni, kambini Karatu, nyama ikiwa bado jikoni, akaokota kitako cha chupa ya bia, akatoa kijiti chenye ncha ya shaba, akaanza kukibinya kile kioo pembeni. Tik, tik, tik. Nyama haijaiva, tayari ana chembe cha mshale kiganjani, kina mabega na kikonyo. Kesho yake akaniachia kile kijiti kuwa bakshishi. Ile bakshishi nyingine, ya noti, aliisahau.

Nikaanza kusaka mawe. Oldupai huondoki hata na kokoto, sheria ya mambo ya kale haina mchezo. Nikashuka mto Themi. Lakini mawe ya Themi ni ya volkano, ni matapishi ya Mlima Meru, na mengi yana matundu ndani kama andazi lililoumuka vizuri. Ukiligonga halichaniki, linamomonyoka. Jiwe la kuchonga linatakiwa liwe laini ndani, punje zake ziwe ndogo mno au zisiwepo kabisa, ili nguvu ya pigo ipite bila kukwama. Ndiyo maana watu wa kale waliipenda obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano. Vipande vyake vimepatikana hata Mumba, kule Ziwa Eyasi, vikiwa vimetoka upande wa Naivasha, mwendo wa kama kilometa 300. Walitembea kwa miguu. Mimi hata nauli ya kwenda Namanga sikuwa nayo.

Basi nikajifunzia chupa. Rafiki yangu anayeuza baa kwenye hoteli moja akawa ananiwekea zilizokwisha: za kahawia, za kijani, na za bluu. Bluu yenyewe ile nzito, ya vinywaji vya bei ambayo mimi na wewe tunaisoma tu kwenye orodha.

Nilipoona mkono umekaa sawa, nikataka jiwe la kweli. Rafiki mwingine ana mjomba mfugaji Simanjiro, nje kabisa ya ule ukuta wa machimbo ya tanzanaiti ya Mirerani, na malishoni kwake mawe meupe ya kwatzi yamezagaa ovyo. Akanijazia kiroba. Kiroba kikapanda Hiace, kikashushwa, kikapandishwa kifodi mpaka Kijenge, na kila konda aliyekinyanyua aliuliza kuna nini. Nikasema ukweli: mawe. Ya wapi? Simanjiro. Konda wa mwisho akakataa nauli ya mzigo. Konda wa Arusha! Akakataa nauli!

Mchana nilikuwa kazini au natafuta kazi, kwa hiyo nilichonga usiku, chini ya mparachichi wa uani. Vumbi la kwatzi huwa halivutwi, linamaliza mapafu polepole, waulize wachimbaji. Nikajifunga kitambaa puani. Machoni, miwani ya fundi wa kuchomelea. Pajani, kipande cha tairi. Kichwani, tochi. Mwanaapolo kamili, mchimbaji aliyetoka shimoni, saa nne usiku, anagonga jiwe jeupe, ko! ko! ko!, kisha anainama na tochi yake, anaokota vipande kimoja kimoja, anavigeuzageuza, anatukana, anavitupa jalalani juu ya vile vya bluu.

Kwa maneno kazi ni rahisi. Unatafuta ukingo wa jiwe wenye pembe kali kuliko ya tofali, unagonga karibu na ukingo kwa jiwe la mviringo, na kipande chembamba kinachomoka upande wa chini, usiouona. Hapo kwenye usiouona ndipo penye kasheshe. Kwatzi ina nyufa zake za ndani kwa ndani. Wewe unaipangia mshale, yenyewe imeshapanga kokoto. Nilitoa kokoto za kumwagia zege. Chembe kimoja tu kilikaribia, kimebakiza kikonyo, nikapiga chafya, kikawa viwili visivyofaa lolote. Tena hata huo mtindo wa mabega na kikonyo si wa huku. Wazee wetu walitengeneza vijipande vidogo vya umbo la mwezi mchanga, wakavigandisha kwenye mshale kwa ulimbo. Nilijua. Ila nilitaka cha kupigia picha.

Eyasi nilimuuliza mzee mmoja wa Kihadza kama bado wanachonga vya mawe. Mishale yao ya wanyama wakubwa ina chuma, ya ndege ni mti mtupu uliochongwa ncha. Akanitazama kwa huruma: "Kwani Arusha misumari imeisha?"

Mtaani, nako, moto ulishawaka. Na watu wa Arusha siwalaumu. Juni 2020 mchimbaji wa Mirerani, Saniniu Laizer, aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, akalipwa shilingi bilioni 7.74. Tangu hapo mtu mwenye kiroba anatazamwa kwa adabu. Mangi akanipa mkate na mayai, nilipotaja daftari akacheka sana, "tutaongea, bosi". Binti aliyeniacha mwaka juzi akatuma ujumbe kwamba ameniota. Shemeji, mume wa dada yangu, akafika kutoka Rombo bila taarifa, na mbuzi.

Nikajaribu kusema ukweli. "Mama, ninachonga mishale."

Mama mwenye nyumba akanikonyeza. "Sawa baba. Mishale."

Jumamosi akaja mjumbe. Hakuja peke yake, alikuja na broka wa madini, mtu mzima mwenye koti la ngozi na tochi ndogo mfukoni. Nikawaamkia, wakaketi chini ya mparachichi. Wapangaji wote wakakumbuka nguo za kufua.

"Kijana," mjumbe akaanza, "madini ghafi bila leseni ni kesi. Na tanzanaiti serikali ilishasema iuziwe Mirerani. Sisi ni wazazi wako, hatutaki ulale ndani." Akakohoa. "Lakini kama mzigo upo, tuongee."

Sijafungua mdomo, watoto wa uani wameshaleta kopo la siagi limejaa vipande vya bluu. Kumbe jalala langu walikuwa na hisa nalo.

Broka akachagua kipande kikubwa, akawasha tochi, akaweka lenzi jichoni. Nilipenda alivyofanya kazi yake, hakuwa na papara. Tanzanaiti ghafi ukiigeuza hubadilika: huku bluu, huku zambarau, huku inaelekea wekundu. Akageuza. Bluu. Akageuza tena. Bluu. Akaona kiputo cha hewa ndani yake, akanyamaza. Akakipindua, akapitisha kidole gumba mgongoni mwake pole pole, akasoma kwa sauti:

"Mia saba hamsini."

"Karati?" mama mwenye nyumba akauliza, mkono kifuani.

"Mililita."

Nguo zilizokuwa zinafuliwa zikawa zimetakata zote kwa pamoja, uwanja ukabaki mweupe. Mama mwenye nyumba ndiye aliyerudiwa na sauti wa kwanza: "Wewe kijana wa chumba cha nyuma, kodi yangu iko wapi?"

Mjumbe hakuridhika. Akataka aone huo uchongaji, isije ikawa ni kiini macho. Nikashika kwatzi, nikagonga. Kwa mara ya kwanza tangu nianze, kikachomoka kipande kirefu, chembamba, safi kabisa, kikaruka na kutua mapajani mwake. Akakiokota, akapitisha kidole kwenye makali kama alivyoona kwa broka. Damu.

"Hiki kinakata!" akapiga kelele, kwa namna ya mtu anayetoa taarifa kwenye kikao.

Shemeji alikuwa amekaa pembeni na kamba ya mbuzi mkononi. Nauli ya mbuzi kurudi Rombo ni mzigo mwingine, akaamua achinjwe. Kisu cha nyumba kilitosha kuchinja, kwenye kuchuna kikagoma. Nikamletea vipande vyangu vya kwatzi. Shemeji mbuzi kachuna tangu utotoni, akavishika bila kuuliza; ngozi ikafunguka vizuri ajabu, kimoja kikifa makali anadai kingine. Nikaanza, kwa ile sauti ya Oldupai, kumweleza kwamba kule kuna mifupa ya wanyama yenye alama za vipande kama hivi hivi, kwamba walichokuwa wanakihitaji zaidi ni...

"Shika mguu huo, unateleza," akasema.

Nyama ikaliwa. Mama mwenye nyumba akapewa maini, mjumbe akala mbavu kwa mkono wenye bendeji, broka akala kufidia mafuta ya pikipiki yake. Shemeji akasubiri nimeze, ndipo akanisogelea sikioni: yule mbuzi alimchukua kwa jirani yake kwa mkopo, kwa ahadi kwamba bilionea atalipa mara mbili.