Nauli ya Mnemba Anatoa Nani?

Huku kwetu pwani ya Matemwe, ukitamka Mnemba kila mtu anageuza uso baharini. Kisiwa si kile pale? Mchanga mweupe, mivinje, na hoteli ya watu wenye dola. Boti zetu zinawafikisha watalii kwenye mwamba, wanatazama samaki, wanarudi. Haya nayajua tangu nina meno ya utoto. Sasa siku ile sijui nilipatwa na nini.

Nilikuwa nimetoka mjini kwenye semina ya siku mbili, mageuzi ya kidijitali katika huduma za wananchi. Tulipewa daftari, begi la kitambaa na sambusa. Nikarudi kijijini sishikiki. Asubuhi yake nikamwendea Sheha, mkuu wa serikali hapa kijijini, nikamkuta barazani anagonga muhuri barua ya mtu anayetaka kuungiwa umeme. Wino wa muhuri ule umeanza kukauka zamani. Lazima aupulizie pumzi ya moto, hah, hah, kisha auteremshe kama anapasua nazi. Ubavuni mwake foleni: mwenye fomu ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, mwenye kuuza kiwanja, na kijana mmoja mwenye haraka ya kuoa.

"Sheha," nikamwambia, "barua zote hizi akili mnemba inaziandika kwa dakika moja. Wewe kazi yako saini tu."

Akanitazama juu ya miwani. "Na wao wamekubali?"

Mimi nikadhani anawaulizia wakubwa wa mjini. Nikamjibu wamekubali, tena wanahimiza.

Jioni nikatia tangazo kwenye kundi la WhatsApp la shehia: Jumamosi baada ya sala ya alasiri, skuli, huduma za shehia kuanza kutolewa kwa akili mnemba, wote mfike. Nikalala usingizi wa mtu aliyeitumikia nchi yake.

Mkutano wa usafi kwetu unapata watu tisa, na watatu kati yao walikuwa wanapita njia. Jumamosi ile skuli ilijaa mpaka madirishani. Nikajisemea, alaa, kumbe watu wana hamu na teknolojia!

Wa kwanza kusimama alikuwa mama mmoja wa nyumba ya nne kutoka kwa Sheha. "Mwanangu, mimi barua naifuata kwa miguu, na kanga yangu moja. Leo mpaka nivuke Mnemba, nauli anatoa nani? Na nikifika wataniacha niteremke?"

Basi skuli ikalipuka. Mzee wa nyuma akapiga fimbo chini: mwamba wenyewe hatuukaribii, leo na muhuri nao upelekwe huko? Sheha akavua kofia, akajifutia jasho. "Mimi kijana ndiye aliyenambia wamekubali."

Nikasimama kunusuru hali. Nikawaambia si kisiwa, jamani, ni jina tu. Wengine huiita akili unde, kwa sababu imeundwa. Hapo fundi wa ngarawa akanyoosha shingo.

"Imeundwa kwa mti gani?"

Wala hakuwa na utani. Mtu huyu anachonga mwembe tangu sijazaliwa.

"Si kwa mti, fundi. Imesomeshwa maandishi mengi mno. Ukiiuliza kitu, inakisia neno gani lifuate, kisha linalofuata, mpaka barua inatimia."

"Inakisia?"

"Inakisia."

"Halafu Sheha anatia muhuri?"

Semina nzima hakuna aliyeuliza swali hilo, na mimi jibu sikulikuta daftarini. Nikaona heri niwaonyeshe. Nikatoa simu, nikaomba mtu aulize chochote.

Akainuka bibi mmoja mchokoa pweza. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza 2019, bibi huyu alihangaika sana. Matumbawe yalikwishamlainisha vidole, mashine haioni kitu. "Ile ya kwanza ilinambia sina vidole," akasema. "Hii nayo tusikie itanambia sina nini. Iulize, bamvua lini?"

Nikaiuliza. Ikajibu kwa adabu kubwa, aya tatu, kwamba bamvua ni sherehe ya kitamaduni yenye ngoma na vyakula vya asili, na kama tunataka itatusaidia kupanga bajeti.

Watoto wa madirishani waliangua kicheko mpaka mmoja akadondoka. Bibi hakucheka. Akanyoosha kidole nje. "Mwezi umeandama juzi. Maji hayo hapo yamepanda mpaka ukutani, unayasikia. Bamvua ndiyo hii." Akajifunga kanga yake, akatoka.

Nilidhani yameisha. Akasimama nahodha mmoja, taratibu, na kidumu kitupu mkononi. Aliposoma tangazo langu aliona ndio riziki: watu watakuwa wanavuka kila siku kufuata barua. Basi alikwishatia petroli lita 20 kwenye boti. Akauliza nani anailipa. Hakuna aliyemjibu, ila vichwa vyote viligeukia kwangu.

Kesho yake asubuhi nikaletewa barua ya deni, imeandikwa kwa mkono, mistari minne, hakuna neno lililokisiwa. Muhuri wa Sheha umekaa katikati ya saini, mweusi tii. Alikuwa amenunua wino mpya.