Rangi Isubiri Mpaka Boneti Ikae

Boneti ya alumini iko juu ya gari letu uani hapa Shangani, Mtwara, kwa wiki ya tatu sasa, haina tone la rangi, na kila mgeni anayeingia huuliza tunangoja nini. Mpwa wangu, ambaye naliunda naye gari hili, ameacha hata kuficha uchovu wake. "Mjomba, tupige rangi tu, Idi imekaribia," aliniambia juzi, msasa mkononi. Nilimjibu kuwa Idi na ije, rangi itaikuta njiani.

Gari lenyewe ni la viti viwili, lililokuja vipande vipande ndani ya makasha, la mtindo wa Lotus Seven, gari dogo la michezo la Uingereza lililotoka mwaka 1957. Uingereza waliyauza magari ya namna hiyo yakiwa vipande kwa sababu aliyejiungia mwenyewe aliepuka kodi ya manunuzi iliyotozwa kwenye gari zima. Chesisi, yaani fremu inayobeba gari zima, ni ya mabomba ya chuma, mbavu na boneti ni za alumini, pua na madigadi ni ya faiba. Vitu vitatu vyenye tabia tatu vinakutana kwenye nafasi isiyozidi milimita 4, na mimi nashikilia kwamba hakuna haki ya kufungua kopo la rangi kabla vitu hivyo havijapatana.

Nimekwisha kulipia haraka hii. Miaka ya nyuma fundi mmoja alinipigia rangi pikapu vipande vikiwa chini, kimoja kimoja, vikang'aa kama kioo. Lakini siku ya kuvifunga, boneti ilikwaruza digadi la kushoto, matundu ya bawaba yakakataa kulingana, akachukua keekee na kuyatanua papo hapo juu ya rangi mbichi. Hewa ya chumvi ya hapa haikuhitaji mwaliko: kutu iliota kwenye kingo zile zile alizozichuna.

Kipimo changu cha nafasi ni kipande cha dumu la mafuta ya kupikia nilichokikunja mara mbili na kukipitisha taratibu kati ya boneti na pua, kutoka kona hadi kona. Nakipitisha alfajiri, kisha nakirudia saa saba mchana, kwa kuwa alumini ya urefu wa mita 1 ikipanda joto kwa nyuzi 40 hurefuka karibu milimita 1, ilhali chuma hurefuka nusu ya hapo. Boneti iliyobanana vizuri asubuhi inaweza kusukuma pua adhuhuri, na pua ya faiba ikisukumwa kila siku hufanya nyufa nyembamba kama nywele. Mpwa wangu anataka rangi nyeusi, ambayo hunywa joto kuliko zote. Nimemwachia achague, lakini nafasi nimeipanga kwa kuifikiria hiyo nyeusi yake.

Jambo la pili, ambalo wengi hulipuuza, ni uzito. Chesisi ikiwa juu ya stendi haikai kama inavyokaa juu ya matairi yake, injini ikiwa ndani na watu wawili wakiwa vitini. Tulipoishusha, ukingo wa boneti uliokuwa sawa upande wa kulia ulifunguka, tukalazimika kulegeza bolti na kuongeza washa, vile visahani vya chuma vinavyokaa chini ya bolti. Madigadi ya mbele nayo hugeuka pamoja na magurudumu, kwa hiyo usukani lazima uzungushwe hadi mwisho, kushoto na kulia, huku mtu akiikandamiza pua ya gari kwa uzito wake wote.

Matundu ya faiba tunayatoboa kuanzia upande wa nje, tukiwa tumebandika utepe wa karatasi, na kila tundu linazidi bolti kidogo ili lisipasuke. Kati ya madigadi ya nyuma na ubavu tunapitisha uzi wa mpira wa kuziba maungio sasa hivi, si baada ya rangi, maana unene wake unalisogeza digadi zima.

Wapo mafundi wanaosema gari lipigwe rangi likiwa limefungwa kila kitu ili kuokoa muda. Hapo sikubali kabisa, kwa sababu kingo za ndani hubaki uchi, na pwani kama hii uchi huo ndio mlango wa maradhi. Fundi afunge vyote, aridhike, aweke alama, avifungue tena, ndipo apulize. Ndiyo, ni kazi mara mbili.

Jana jioni mpwa wangu alikipitisha kile kipande cha dumu mwenyewe, bila kuambiwa, akasimama kwenye kona ya kulia, akaweka alama kwa penseli. "Hapa bado, Mjomba," akasema, kisha akaenda kutafuta tupa.