Maji yalifika wapi? Muulizeni mpangaji

Ramani za mafuriko zinazochorwa na wakazi wenyewe nimezipenda tangu zilipoanza hapa Dar es Salaam. Tandale ilichorwa 2011, kisha 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria: wanafunzi wa vyuo na watu wa mitaa wakapita vichochoroni wakipima mitaro na kuingiza kila kitu kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuifungua.

Kazi hiyo setilaiti haiiwezi. Ukiwa juu angani, uswahilini unaona mabati tu. Huoni mtaro uliofunikwa na kibanda cha chipsi, wala hujui kwamba nyumba fulani maji hayaiingilii mlangoni, yanapandia chooni. Hujui pia nani husubiri mvua kubwa ndipo atapishe choo chake, uchafu ushuke kwa wa bondeni. Hayo mtaani yanajulikana, hata kwa majina.

Ugomvi wangu uko kwa anayeulizwa. Mkusanyaji wa taarifa akifika, ataripoti ofisi ya serikali ya mtaa, atakabidhiwa kwa mjumbe, na mjumbe atamzungusha kwa watu anaowaheshimu, yaani wenye nyumba. Sasa mwenye nyumba ana vyumba vya kupangisha. Akisema hapa maji hufika kiunoni, nani atamlipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo?

Halafu kuna woga, na una sababu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Mwishoni mwa 2015 nyumba za bonde la Msimbazi zikapigwa X nyekundu, bomoabomoa ikaanza. Aliyeyaona hayo, akija kijana na simu yake kumuuliza maji yalifika wapi, atasema yalipita kule kwa jirani. Mimi simlaumu.

Mpangaji hana cha kuficha. Yeye ndiye aliyeamka usiku kupandisha godoro juu ya kabati na kubeba mtoto mgongoni. Kasoro yake ni kwamba huhama: aliyeingia Julai hajui masika ya mtaa ule yakoje. Hapo muulize mama ntilie wa kona, aliyekaa palepale miaka yote na anajua mvua ya namna gani humfungisha biashara.

Na msiishie kwenye "gotini" au "kiunoni", maana goti la nani? Mwambie aonyeshe ukutani. Utaona mstari wa tope, rangi iliyobanduka, friji iliyokalishwa juu ya matofali. Tazama vizingiti pia. Mlango uliojengewa kozi tatu za tofali ni ushahidi tosha, hata mwenyewe akikana. Saruji ni ghali, hakuna anayeitumia kuzuia maji yasiyokuja.

Kwa hiyo fomu iandike aliyejibu ni mpangaji au mwenye nyumba. Ramani ikikamilika, ichapishwe kubwa, ibandikwe nje ya ofisi ya serikali ya mtaa, na irekebishwe kila baada ya masika, ili anayetafuta chumba aitazame kabla hajatoa hela. Wenye nyumba watalalamika. Dalali, ambaye kodi ya mwezi mmoja ni yake, atalalamika zaidi. Walalamike.