Chembe nano za dhahabu: tuzitengeneze kwa majani au kwa sitrati?

Mstari mwekundu unaotokea kwenye kipimo cha haraka cha malaria, ule ambao mhudumu wa afya wa kijijini huko Busia anausubiri baada ya kumchoma mtoto kidole, kwa kawaida ni dhahabu. Ni chembe nano, yaani chembe ndogo mno, zilizobebeshwa kingamwili, protini za kunasa alama za malaria kwenye damu. Chembe zenye upana wa nanomita 20 ukizipanga 50,000, zinajaza milimita moja tu. Na Busia hiyo hiyo inachimba dhahabu. Kwa nini Uganda isizitengeneze yenyewe?

Njia inayojulikana zaidi ni ya Turkevich na wenzake, ya mwaka 1951. Chumvi ya dhahabu inachemshwa, inatiwa sitrati. Maji ya manjano hafifu yanapauka, yanaingia weusiweusi, kisha baada ya dakika chache yanakuwa mekundu kama mvinyo: chembe ziko tayari. Wengine wanatetea majani badala ya sitrati, mwarobaini kwa mfano: malighafi iko uani, hakuna kemikali hatari.

Hiyo hoja ya usalama inanisumbua. Sitrati ni chumvi ya asidi ile ile ya limau! Cha kuogopa ni vitu kama sodiamu borohidridi vya njia nyingine. Tena chumvi ya dhahabu kwa kawaida hupatikana kwa kuyeyusha dhahabu katika asidi kali, na jani haliiondoi hatua hiyo.

Jani la masika pia si jani la kiangazi. Chembe zinatoka kubwa kwa ndogo, zimefunikwa na vitu vya mmea, kingamwili zinapata shida kushika. Mstari ukififia, mtoto mwenye malaria anarudishwa nyumbani bila dawa. Kwa vipimo, nasimama na sitrati.

Kwa chembe za madini ya fedha za kuua bakteria kwenye bandeji za vidonda, majani nayapa nafasi, maana saizi zikipishana kidogo si balaa. Ila mabaki yasimwagwe mtaroni, kwani fedha huua pia viumbe vidogo vya majini.

Sitrati nayo ina masharti. Tia chumvi ya mezani kidogo kwenye ule wekundu: chembe zinagandana, rangi inageuka buluu mbele ya macho yako. Maji machafu yanaweza kukufanyia hivyo hivyo bila kukuaga. Ningepewa pesa ya kifaa kimoja tu cha maabara, ningenunua cha kusafisha maji.