Kioo cha Askari na Kiti cha Baiskeli

Tangu Umoja wa Mataifa ulipotangaza, mwaka 2018, kwamba tarehe 3 Juni iwe Siku ya Baiskeli Duniani, mpwa wangu hanipi nafasi ya kula mahamri na mbaazi zangu kwa utulivu. Hunisomea kutoka simuni kwamba Uholanzi ina baiskeli nyingi kuliko watu, kwamba mjini Bogotá barabara kuu hufungiwa magari kila Jumapili ili watu waendeshe baiskeli, na kwamba kwenye stesheni ya treni ya Utrecht pamejengwa maegesho ya baiskeli 12,500. "Mjomba," huniambia, "wewe uliwatangulia Wazungu miaka 30." Nataka ieleweke kwamba mjomba mtu hakupanda baiskeli kwa kuyahurumia mazingira, alipanda kwa kukosa nauli.

Basi siku hiyohiyo ya tarehe 3, mke wangu akanituma Nyali, kwenye duka kubwa lililoshusha bei za sufuria. Nikatoka Majengo, nikavuka daraja huku matatu zikinipigia honi kana kwamba nimeingia chumbani mwao bila hodi, na tuktuk zikinibana hadi nikazijua nyuso za abiria.

Langoni, askari alinisimamisha. Alikitia kile kioo chake cha mpini mrefu chini ya baiskeli, akakizungusha polepole kuufuata mnyororo, kisha akaniamuru nifungue buti. Nikamwonyesha keria, ambayo haina ila mpira wa tyubu kuukuu ninaofungia mizigo. Akauvuta, akauachia, ukalia *pwa!*, naye akaridhika.

"Sasa mzee, utaiweka wapi? Hapa ni pa magari."

Wenzetu wa Utrecht wana nafasi 12,500. Mimi nilikuwa naomba moja tu, tena ya nusu saa. Tulishauriana kwa muda, magari yakilia nyuma yangu, mpaka akanielekeza nyuma ya jenereta, nami nikaifunga kwa kufuli kwenye mnazi.

Niliporudi na sufuria yangu, mnazi ulikuwapo, kufuli lilikuwapo, baiskeli ilikuwapo. Kiti hakikuwapo. Limebaki bomba lake tupu, limesimama wima kwa namna ambayo mtu mwenye akili timamu hawezi kuisahau hata nukta moja akiwa njiani. Askari alinisikitikia sana, akanieleza kwamba yeye hulinda magari.

Ndivyo nilivyolivuka Daraja la Nyali nikiwa nimesimama juu ya pedeli, upepo wa kusi ukinisukuma kifuani, sufuria ikigonga keria kwa kila shimo, na macho ya watu wote wa matatu yakiwa kwangu. Katikati ya daraja gari moja likapunguza mwendo, kioo kikashushwa, akachungulia jirani yangu mwenye kiyoyozi.

"Mashallah, ami! Kumbe siku hizi unafanya mazoezi?"

Nikamjibu kwamba ndiyo, na tena natunza mazingira.